Jina la Farasi Husahaulika Mwisho

Ukimkuta mzee aliyecheza mpira wa miguu ujanani mwake, atakuhadithia mabao. Atanyanyua mkono akuonyeshe pembe aliyopigia, na mlinda mlango alivyoruka upande usio wake. Mzee aliyecheza polo hana desturi hiyo. Mabao atayataja ukimsukuma, lakini kabla hujamsukuma atakuwa ameshakutajia farasi: huyu alikuwa mwekundu mwenye alama nyeupe pajini, yule alikuwa mkaidi asubuhi na mtiifu jioni, mwingine hakuhitaji kuvutwa hatamu, akigeuka mwenyewe pale mpira ulipogeuka. Miaka itakuwa imemchanganyikia, mashindano atayataja mbele nyuma, lakini majina ya farasi yamekaa mahali pake. Na anayesikiliza kwa makini atatambua kwamba kila habari ya farasi ina mwisho wake, na kwamba mwisho huo ndio husemwa kwa sauti ya chini.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona safu hii, iliyozoea habari za nyumba na malezi, ikipanda farasi leo. Tunajua polo yahesabiwa kuwa mchezo wa matajiri, na hatubishani na hesabu hiyo. Lakini mchezo huu umepita mikononi mwa wazee wetu katika dini kwa karne nyingi kabla haujafika Ulaya. Waajemi waliuita chaugan, kwa jina la fimbo yenyewe ya kupigia mpira. Msafiri aendaye Isfahan leo atakuta katika uwanja mkuu wa Naqsh-e Jahan, uliojengwa zama za Shah Abbas wa Kwanza, nguzo za mawe za goli zingali zimesimama. Hata neno “polo” si la Kiingereza. Latokana na lugha ya Wabalti wa milima ya Karakoram, na maana yake ni mpira tu. Waingereza waliufahamu mchezo huu katikati ya karne ya 19 walipouona ukichezwa Manipur, mashariki ya Bara Hindi, wakauwekea kanuni, wakaondoka nao. Kwa kanuni hizo wachezaji ni wanne kila upande, na mchezo hugawanywa katika vipindi vya dakika 7 hivi, na kila baada ya kipindi mchezaji hubadilisha farasi, kwa kuwa mnyama hawezi kustahimili mbio zile kwa muda mrefu zaidi. Tunaomba jambo hilo la kubadilisha farasi likumbukwe, tutalirudia.

Katika waandishi wa kale, mkongwe wa mchezo huu tumpendaye zaidi ni Kaykavus bin Iskandar, mtawala wa ukoo wa Ziyar katika nchi zilizo kusini ya bahari ya Caspian. Mwaka 475 wa Hijra, sawa na 1082, alipokuwa na umri wa miaka 63, alikaa kumwandikia kijana wake Gilanshah kitabu cha nasaha, kiitwacho Qabus-nama. Humo mna sura ya kuoa, sura ya kulea watoto, sura ya kununua farasi, sura ya uzee na ujana, na sura fupi ya chaugan. Yeyote aliyewahi kuwa baba ataijua sauti iliyomo. Mzee hamkatazi mwanawe. Amecheza yeye mwenyewe, anaujua utamu wake. Anamwambia acheze mara moja au mbili kwa mwaka, si zaidi. Wapanda farasi wasizidi wanane uwanjani. Yeye asimame upande mmoja wa uwanja na mwingine asimame upande wa pili, na sita waliobaki waachiwe vurugu ya katikati. Mpira ukimjia aurudishe, lakini asiende kuufuata kwenye msongamano.

Kisha anamsimulia kisa cha Amr bin Layth, amiri wa Khurasan, ambaye alikuwa na jicho moja. Siku moja Amr alitaka kuingia uwanjani kucheza, na jemadari wake mmoja, Azhar, ambaye watu walimpa lakabu ya Punda, akaishika hatamu ya farasi wake akakataa kuiachia. Amr akauliza kwa nini wao wacheze na yeye azuiwe. Azhar akamjibu kwamba wao wana macho mawili. Mpira ukimpofua mmoja wao jicho, litabaki jingine la kuonea dunia. Lakini amiri akilipoteza lile moja alilo nalo, ataupoteza na utawala pamoja nalo. Amr akakiri kwamba Azhar, pamoja na upunda wake, amesema kweli, na hakucheza tena maisha yake yote.

Kisa hiki hutuchekesha kila tukisomapo, kisha hutukera kidogo. Nani katika nyumba zetu atamshikia hatamu mzee asiyetaka kushuka? Kuacha jambo ulipendalo, ukiwa na nguvu za kutosha kudhani kwamba bado unaliweza, ni kazi kubwa kuliko kulianza. Walikuwapo wasioacha. Qutb-ud-din Aibak, mtawala wa kwanza wa usultani wa Delhi, aliangushwa na farasi wake akicheza chaugan mjini Lahore mwaka 1210, pembe ya tandiko ikamwingia kifuani akafa. Kaburi lake liko huko huko Lahore, karibu na soko la Anarkali. Miaka 760 baadaye, mwaka 1970, Man Singh wa Jaipur, ambaye timu yake ilishinda kila kombe kubwa la Uingereza mwaka 1933, alifariki uwanjani Cirencester akiwa na miaka 57, akicheza mchezo ule ule. Wapo wasemao kwamba hicho ndicho kifo ambacho kila mchezaji angekichagua. Sisi twaona hayo husemwa na watu wasioachiwa watoto wa kulea.

Lakini katika polo, hata mtu awe na busara ya Amr, swali haliishi kwake peke yake, maana chini yake yuko kiumbe mwingine anayezeeka kwa kasi isiyo sawa na ya bwana wake. Farasi wa polo huanza kucheza kwa dhati akiwa na miaka mitano au sita. Hufika kilele chake kati ya miaka minane na kumi na miwili. Akitunzwa vyema huweza kucheza hadi miaka kumi na mitano na kupindukia. Baada ya hapo, miguu ikishachoka, aweza kuishi miaka mingine kumi au zaidi, akila kila siku na asizalishe chochote. Mchezaji naye aweza kucheza miaka thelathini au arobaini. Maana yake, huyu mzee anayekuhadithia leo alikwisha kuona farasi wake wakizeeka mmoja baada ya mwingine ilhali yeye bado kijana, na kila mmoja alimlazimisha kuamua: auzwe, achinjwe, azalishwe, au aachwe alishwe bure mpaka siku yake? Kanuni za mchezo hazisemi lolote juu ya hilo. Mwamuzi huwa ameshaondoka.

Aliyeulizwa waziwazi kuhusu haki ya farasi katika mchezo huu ni Nur ad-Din Mahmud wa Sham, bwana wa Halab na Dameski, aliyefariki mwaka 1174. Alikuwa mpenzi mkubwa wa chaugan, na watu walisimulia umahiri wake, jinsi alivyoweza kuupiga mpira ukiwa hewani. Mwanahistoria Ibn al-Athir asimulia kwamba mtu mmoja mchamungu alimwandikia akimlaumu, akasema hakudhani kwamba mtu kama yeye angefanya mchezo na kuwatesa farasi pasipo faida yoyote ya dini. Nur ad-Din hakukasirika. Alimjibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye na watu wake wako mpakani, adui yu karibu, na wito waweza kuja saa yoyote. Farasi wakifungwa usiku na mchana bila kukimbizwa watalegea, wasiweze kugeuka upesi wala kumtii mpandaji. Ndiyo sababu wanapanda na kucheza.

Jibu ni zuri, na wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya jibu. Sisi leo twavutwa zaidi na swali. Mchamungu yule, katika zama za vita na falme, ambapo farasi alikuwa chombo cha jeshi tu machoni pa wengi, aliona kwamba mnyama ana dai lake, akathubutu kulipeleka kwa mtawala. Na mtawala aliona kwamba dai hilo lastahili jibu. Hakusema farasi ni mali yake afanye nao apendavyo.

Sasa twende Shandur, kwani huko ndiko mchezo ulikobaki karibu na asili yake. Katika milima ya kaskazini ya Pakistan, kati ya Chitral na Gilgit, kuna uwanja uitwao Mas Junali, kwenye kimo cha mita 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna uwanja wa polo ulio juu zaidi duniani. Jina hilo kwa lugha ya Khowar lahusu mbalamwezi, na yasimuliwa kwamba mtawala wa Kiingereza aliyeamuru uwanja utengenezwe, Evelyn Cobb, katika miaka ya 1930, alipenda kucheza usiku chini ya mwezi. Kwa kawaida kila mwaka timu za Chitral na za Gilgit hukutana hapo, wakulima, askari, polisi na wenye maduka, na watu kwa maelfu hupiga mahema kando ya ziwa kuwatazama. Wachezaji ni sita kila upande. Kanuni ni chache, mwamuzi hana kazi. Anayefunga bao huushika mpira mkononi, hukimbiza farasi hadi katikati ya uwanja huku ngoma na zumari zikishangilia, huurusha juu na kuupiga ungali hewani. Tendo hilo huitwa tampuk, na asiyeliweza hachekwi kidogo.

Na huko farasi habadilishwi. Mtu huingia na farasi mmoja, na huyo huyo hucheza naye mwanzo hadi mwisho, karibu saa nzima, katika hewa ambayo mgeni akipanda ngazi kumi huketi chini kupumua. Ndiyo maana maandalizi huanza mapema. Farasi hupandishwa mlimani kidogo kidogo, siku kwa siku, ili mapafu yazoee. Pamoja na hayo imewahi kutokea farasi akaanguka akafa uwanjani, moyo umeshindwa.

Mambo mawili yapo hapa pamoja, na hatuwezi kuyatenganisha. Desturi hii ni nzito mno kwa mnyama, na lau mchamungu wa Nur ad-Din angefika Shandur angeandika barua ndefu zaidi. Lakini desturi hii hii ndiyo inayomfunga mtu na farasi wake kwa namna isiyopatikana penye farasi wanane wa kubadilisha. Mchezaji wa huko hawezi kumtumia farasi dakika 7 akamwachia mtunzaji. Lazima ajue pumzi zake, ajue ni wakati gani amlegezee, ni bao lipi aliache lipite ili farasi asipasuke moyo. Kwa wengi wao farasi huyu hufugwa nyumbani, katika ua ule ule wanamolala watoto, naye hula shayiri ambayo nyumba ingeweza kuila. Wanaopanda kwa niaba ya polisi au jeshi hulishiwa farasi na taasisi zao. Raia wa kawaida hulisha kwa mfuko wake, na mke wake ajua hesabu hiyo vizuri kuliko yeye. Sikandar-ul-Mulk wa Chitral na Bulbul Jan wa Gilgit waliongoza timu zao Shandur wakapata sifa kubwa pande zote za mlima. Huko jina la mchezaji na habari za farasi wake hutembea pamoja. Si kawaida kumsifu mmoja ukamwacha mwenziwe.

Ukitaka kuona upande wa pili, nenda Argentina. Hakuna nchi inayocheza polo kwa ubora kama ile. Mashindano yao makuu, yaliyoanza 1893, huchezwa Palermo, mjini Buenos Aires. Juan Carlos Harriott, aliyestaafu mwaka 1980, aliyashinda mara 20, na mwaka 1975 yeye na wenzake watatu wa Coronel Suárez walifikia kila mmoja daraja la 10, ambalo ndilo la juu kabisa. Baada yake akaja Adolfo Cambiaso. Katika fainali ya mwaka 2006 farasi wake mpendwa, Aiken Cura, alivunjika mguu uwanjani. Madaktari walijitahidi, hata mguu ukakatwa, lakini hakupona. Kabla hajafa, Cambiaso aliagiza chembe hai zake zihifadhiwe.

Miaka michache baadaye wakazaliwa farasi wa nakala. Nakala ya farasi wake mwingine, jike aitwaye Cuartetera, iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 800,000 za Marekani. Mwaka 2016 Cambiaso alishinda fainali ya Palermo akiwa amepanda nakala sita za huyo Cuartetera mmoja. Hakuwapa majina mapya; walitofautishwa kwa namba.

Hukumu ya jambo hili twawaachia wanazuoni. Na hatuoni ugumu kumwelewa mtu aliyesimama kando ya mnyama wake anayekufa akatamani asiondoke. Hilo halikuanza Argentina. Tunachojiuliza ni iwapo mzee huyo, miaka ishirini ijayo, atakapoketi kuhadithia, ataweza kutuambia namba nne alitofautiana vipi na namba tano. Au labda ataweza. Watunzaji wa farasi husema hata nakala huwa na tabia zake.

Kwetu Afrika Mashariki polo yachezwa Nairobi na Gilgil, na baadhi ya farasi wake ni wale waliochoka mbio za Ngong wakapewa kazi ya pili. Lakini sisi wa mwambao farasi kwetu ni nadra. Mnyama wetu ni punda. Na hapa tuna deni la kukiri. Utotoni mwetu palikuwa na mzee jirani aliyebeba maji na matofali kwa punda wake mtaa mzima. Punda alipozeeka, magoti yakavimba, mzee akamfungua kamba akamwacha aende. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwacha tu, na huenda akidhani huo ni uungwana. Punda akazoea jalala la sokoni, akila maganda na mifuko ya nailoni. Sisi watoto tulimrushia mawe tukitoka madrasa, tukiwa tumebeba juzuu zetu kwapani, na hakuna mkubwa aliyetukemea. Tulikuwa tumefundishwa kisa cha ngamia aliyemlilia Mtume (s.a.w.) kwa kufanyishwa kazi nyingi na kunyimwa chakula, ambaye katika riwaya nyingine alikuwa amezeekea kazini na wenyewe wakataka kumchinja. Tulikijua kwa moyo. Hatukukihusisha na punda wa jalalani, kwa kuwa kisa kilikuwa cha ngamia. Msimu wa masika alikufa. Tumejaribu kukumbuka jina lake tusiweze, na twashuku kwamba hakuwa nalo.

Lamu wana hospitali ya punda tangu miaka ya 1980, na wamiliki huwapeleka wanyama wao kutibiwa kidonda cha mgongo kama mtu apelekaye mwanawe kituo cha afya. Hilo twalitaja kwa furaha, maana mwambao si jalala lile pekee.

Tumalizie Shandur. Jioni ya siku ya tatu, baada ya fainali, mahema huanza kung'olewa na magari kushuka pande mbili za mlima. Wachezaji hawakimbilii chai. Farasi anayetoka jasho katika baridi ya kimo kile akisimamishwa ghafla huugua, kwa hiyo hufunikwa blanketi na kutembezwa polepole, huku na huko, mpaka akauke na pumzi zitulie. Ni kazi ya nusu saa au zaidi, isiyo na ngoma wala watazamaji. Kijana aliyecheza huwa amechoka, mikono yatetemeka, na si ajabu akampa hatamu mzee wa kwao aliyekwisha kuacha kucheza, kwani huyo ajua kutembeza. Hapo mzee huzunguka na farasi wa mwingine katika giza linaloingia, akimsemesha kwa lugha ya kwao, na mara nyingine akikosea jina, akimwita kwa jina la farasi wa zamani.